Si Pombe, Si Kurogwa: Ugonjwa wa Kupoteza Mizani ya Mwili

Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo



Niliombwa niongee juu ya afya, na najua wengi walidhani nitarudia habari ya vyoo na maji ya kuchemsha kama safari ile nyingine. Leo hapana. Leo nataka tuongee juu ya ugonjwa ambao pengine hakuna hata mmoja hapa aliyewahi kusikia jina lake. Ni ugonjwa wa nadra. Mnaweza kukaa na vikundi vyenu miaka ishirini msimwone mgonjwa hata mmoja. Lakini ukitokea unaumiza mtu mara mbili, kwanza mwilini, halafu katika ulimi wa majirani. Mimi niliuona, na mimi nilikuwa mmoja wa wale majirani. Ndiyo sababu nimechagua habari hii.

Kulikuwa na mama mmoja, mweka hazina wa kikundi. Jina sitaji, wala kijiji sitaji, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu niwaambie. Mama huyu alishikwa na homa kali iliyotoka kwenye figo, vijidudu vikaingia kwenye damu, akalazwa. Walimdunga sindano siku kumi na mbili. Zilimponya. Bila zile sindano tungemzika, na neno hili nataka mlishike kwa sababu nitalirudia.

Akarudi nyumbani, tukamshukuria Mungu. Wiki ya pili watu wakaanza kuona mambo. Anatembea amepanua miguu kama mtu aliye ndani ya mashua. Akipita njiani anashika ua. Ukikutana naye na kumsalimia, anapita tu, hata kukutambua hakutambui, mpaka asimame. Mchana ana afadhali, lakini jua likizama ni taabu. Siku moja saa moja jioni alionekana ameanguka mtaroni karibu na soko. Basi, mnajua wenyewe. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa na jibu: mweka hazina anakunywa. Mama mkwe wake naye akasema si pombe, ni mkono wa mtu. Kikundi kikakutana bila yeye na kuamua achukuliwe lile sanduku la pesa, na zamu yake ya marigo raundi ipewe mwingine mpaka ajirekebishe.

Wakaniita mimi niende kumshauri. Nilikwenda. Nina diploma ya kazi hii, jamani, na nimeifanya miaka mingi. Nilimkalisha chini nikampa somo la pombe saa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwalimu, tangu nizaliwe sijaionja." Sikumwamini. Niliandika kwenye kitabu changu kwamba anakana.

Aliyemsaidia ni kijana mmoja wa zahanati, wala si mimi. Alimwuliza swali moja tu: "Mama, ile karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali iko wapi?" Ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia. Ndani yake limeandikwa jina la sindano: Gentamicin. Yule kijana alipoliona alinyamaza kidogo, kisha akamwandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa masikio.

Masikio? Ndiyo, na hapa naomba tutulie kidogo, maana bila kuelewa hili hamtaelewa yanayofuata.

Sikio si la kusikia peke yake. Ndani kabisa, nyuma ya pale panaposikia, kila sikio lina vijimfereji vitatu vya mviringo vyenye majimaji, na vifuko viwili vyenye punje ndogo za chokaa. Ndani ya vyombo hivyo kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana. Ukigeuza kichwa, majimaji yanavuta vile vinyweleo, na ubongo unapata habari: kichwa kimegeuka, kiasi hiki, kwa upande huu. Hapo hapo ubongo unayaambia macho yageuke upande wa pili kwa kiasi kile kile, ili unachokiangalia kisiruke. Kazi hii inafanyika kwa muda mfupi kuliko sehemu moja kwa mia ya sekunde.

Tujaribu. Kila mtu ashike karatasi ya ratiba mkononi. Itingisheni karatasi haraka, kushoto kulia, huku mkijaribu kusoma. Haisomeki, si ndiyo? Sasa karatasi itulie, mtingishe kichwa kwa mwendo ule ule. Inasomeka. Umeona, mzee? Ile ni kazi ya sikio. Sasa fikirini mtu ambaye kazi hiyo imekufa pande zote mbili. Kila hatua anayopiga, dunia inaruka. Nyuso zinaruka, njia inaruka. Ndiyo maana mama yule alikuwa akitupita bila salamu, na sisi tukasema ana kiburi cha ulevi.

Na kwa nini jioni ni vibaya zaidi? Kusimama wima ni kama sufuria juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni macho, la pili ni miguu na viungo vinavyohisi ardhi, la tatu ni sikio. Ukiondoa figa moja, sufuria inaweza kukaa ukiishika vizuri. Lakini usiku unaondoa macho pia. Na mahali penye matope au mchanga laini, hata miguu haipati habari ya kweli. Ataanguka tu, na hajaonja kitu.

Daktari bingwa hakuhitaji mashine kubwa. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia aangalie pua yake, kisha akakigeuza kichwa ghafla, kidogo tu. Mtu mzima wa afya, macho hubaki kwenye pua. Ya mama yule yaliteleza pamoja na kichwa, ndipo yakaruka kurudi. Kulia vile vile, kushoto vile vile. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1988 na madaktari wawili wa Sydney, Australia, Michael Halmagyi na Ian Curthoys. Hakitaki umeme wala pesa. Kinataka mikono na mtu anayejua anachotafuta. Lakini naomba msiende kushikana vichwa nyumbani. Shingo si ya kuchezewa, hasa ya mzee.

Sasa ni vipi dawa inayoponya inaharibu sikio? Hadithi yenyewe inaanza na kifua kikuu, na sisi watu wa Afrika Mashariki tumo ndani yake.

Zamani TB haikuwa na dawa. Mwaka 1943 kijana mmoja mtafiti, Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman kule New Jersey, Marekani, alipata dawa kutoka kwa vijidudu vya udongoni. Ikaitwa streptomisini. Mwezi wa Novemba 1944 madaktari wa Minnesota wakaanza kumtibu mgonjwa wa TB kwa dawa hiyo. Uingereza ikaijaribu mwaka 1947 kwa utaratibu mzuri sana: wagonjwa 55 walipewa dawa na kupumzika kitandani, na 52 walipumzika tu, maana dawa haikutosha watu wote. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa walikufa 4, na wale wengine walikufa 14. Kwa hivyo mtu asikwambieni dawa hii ilikuwa sumu ya wazungu. Iliokoa watu. Lakini tangu siku zile za kwanza madaktari waliona wagonjwa wakiinuka kitandani wanayumba. Dawa inaingia katika zile chembe za sikio na kuziua, na kwa binadamu chembe zikifa hazioti tena za kutosha.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Marekani, ambaye mwenyewe alidungwa streptomisini kwa ugonjwa wa goti, aliandika habari zake katika jarida la madaktari. Hakuweka jina, aliweka herufi mbili tu, J.C. Alieleza kwamba hata kusoma kitandani ilikuwa shida, kwa sababu mapigo ya moyo yalitingisha kichwa kidogo tu na herufi zikaruka. Ilimbidi akibane kichwa katikati ya vyuma viwili vya kitanda. Barabarani ilimbidi asimame kabisa ndipo asome kibao au amtambue mtu. Niliposomewa habari hii na yule daktari bingwa, nilimgeukia mama. Alikuwa analia. Miaka yote ile, na mtu wa mbali namna ile, alikuwa amesema maneno yake yeye.

Nikasema sisi tumo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa ni hapa Afrika Mashariki, pamoja na watafiti wa Uingereza, ambapo ilijaribiwa tiba fupi ya TB ya miezi sita badala ya mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa wetu ndio walioonyesha dunia kwamba inawezekana. Tiba ile ilikuwa na streptomisini ndani yake. Wazee wengi hapa wanakumbuka sindano za TB, kila siku zahanati mpaka matako yanakuwa mawe. Mnacheka, lakini mnajua.

Leo mambo yamebadilika, na hili lisikieni vizuri ili mtu asiache dawa kwa sababu ya hotuba yangu. TB ya kawaida sasa inatibiwa kwa vidonge, miezi sita, bila sindano. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilisema ile tiba ya kurudia yenye streptomisini isiandikwe tena. Mwaka 2018 likasema hata kwa TB sugu, sindano za kanamisini na kapreomisini ziachwe na vidonge vitangulie. Wagonjwa walipiga kelele nyingi kabla ya hapo, hasa waliopoteza kusikia, na kelele zao zilisaidia.

Iliyobaki sana katika hospitali zetu ni jentamisini, iliyogunduliwa mwaka 1963. Ni rahisi, ina nguvu, na mtoto mchanga akiingiwa na vijidudu katika damu, hiyo pamoja na nyingine ndiyo inayomwokoa. Huwezi kusema itupwe. Hawa ndugu za dawa wana tabia zao: streptomisini na jentamisini hupiga zaidi mizani, kanamisini na amikasini hupiga zaidi kusikia. Kwa hivyo mama yetu alikuwa anasikia vizuri kabisa, na hilo ndilo lililowadanganya watu wote, hata wauguzi. Nani atafikiri habari ya sikio kwa mtu anayesikia?

Halmagyi na wenzake wa Sydney waliandika mwaka 2012 juu ya wagonjwa 103 wa jentamisini waliowaona kwa miaka 23. Waliyoyakuta yanatisha kidogo: hakuna kipimo cha dawa wala ratiba unayoweza kusema ni salama kwa kila mtu. Wengi hupewa na hawapati kitu. Wachache hupewa dozi ya kawaida na wanaharibika. Na mara nyingi mtu hajui akiwa bado kitandani, anajua anaposimama na kwenda nyumbani. Mtu mwenye figo dhaifu yumo hatarini zaidi, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa, na ikikawia mwilini inaendelea kula sikio. Mama yetu aliugua figo hizo hizo.

Kuna na jambo la ukoo. Mwaka 1993 watafiti, wakichunguza familia za China na familia moja ya Kiarabu, waligundua badiliko dogo la urithi linalopitia kwa mama tu. Mwenye nalo anaweza kuwa kiziwi hata kwa dozi kidogo. Kule Manchester na Liverpool, Uingereza, walijaribu kipimo cha kusugua ndani ya shavu la mtoto mchanga kinachotoa jibu kwa dakika 26. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na kati ya watoto 751 walipata 3 wenye badiliko hilo, wakapewa dawa nyingine. Huku kwetu mashine kama hiyo hatuna zahanati, lakini mdomo tunao. Kama mama yako, au ndugu wa mama yako, alikuwa kiziwi baada ya sindano, sema. Mwambie daktari kabla hajakudunga.

Mtaniuliza, je, kuna tiba? Wanatafuta. Kitu kimoja kitawafurahisha akina mama wafugaji. Kuku wakiharibiwa chembe za sikio, zinaota tena! Watafiti waliliona hili katika miaka ya 1980, na mpaka leo kuna wataalamu wanaomchunguza kuku kujua siri hiyo, kwa nini yeye anaota na sisi hatuoti. Bado hawajaipata kwa binadamu. Wengine wametengeneza chombo cha umeme kinachotiwa ndani ya sikio kufanya kazi ya vile vijimfereji. Geneva na Maastricht huko Ulaya walianza mapema, na mwaka 2021 kundi la Charles Della Santina wa Johns Hopkins, Baltimore, lilitoa habari ya watu 8 waliotiwa chombo hicho. Walitembea na kusimama vizuri zaidi, lakini kusikia kwa sikio lile kulipungua. Hicho si cha kesho kwetu, tusijidanganye.

Kilicho chetu ni mazoezi. Wakati wa vita vya pili vya dunia huko Uingereza, daktari wa masikio Terence Cawthorne na mwenzake Cooksey walitunga mazoezi kwa wanajeshi walioumia kichwa: kuzungusha macho, kugeuza kichwa taratibu halafu haraka, kurushiana mpira, kuinuka na kukaa, kutembea kuzunguka mtu. Hayafufui sikio. Yanafundisha macho na miguu kubeba mzigo wa figa lililovunjika. Na waliyafanya kwa kikundi, wakaona ni bora kuliko mtu peke yake, maana mazoezi yenyewe yanaleta kizunguzungu na mtu akiwa pekee anaacha siku ya pili.

Mimi niliporudi kijijini na barua ya daktari, niliomba mkutano wa kikundi. Nilisimama nikasema nilikosea. Haikuwa rahisi, na nitawaambia ukweli, si wote walionielewa siku ile. Mzee mmoja alisema hata mganga anaweza kuandika barua. Basi nikawafanyisha lile zoezi la karatasi mlilofanya sasa hivi, na mmoja mmoja wakanyamaza. Sanduku lilirudishwa. Zamu yake ya marigo raundi ilirudi, ingawa ilichelewa miezi minne, na ada ya mtoto wake wa sekondari ilikuwa imelipwa kwa kuuza mbuzi. Hilo halikurudi.

Kikundi kilifunga kamba ya katani kutoka mlango wa jikoni mpaka choo, ashike usiku. Walichanga tochi. Mikutano yao ilihamishwa kutoka saa kumi na moja jioni hadi saa nane, arudi kwake kukiwa na jua. Kila Alhamisi kabla ya hesabu, akina mama wanarushiana mpira wa matambara naye, dakika kumi. Wanasema wanafanya kwa ajili yake, lakini nimewaona wakicheka sana. Leo, baada ya mwaka na zaidi, anatembea mchana bila fimbo. Gizani bado ana shida, na mtoni haendi kuoga peke yake: mtu wa ugonjwa huu akizama hajui juu ni wapi na chini ni wapi, anaweza kuogelea kuelekea chini. Ngazi na miti ya parachichi pia amewaachia vijana.

Yule mzee aliyekuwa amekaa nyuma aliniuliza wakati wa chai kama basi tukatae sindano. Hapana, mzee. Sindano ukiandikiwa na daktari kwa ugonjwa mkali, dungwa, upone. Ninayokataa ni ile ya kununua dukani au kwa mtu mwenye mkoba anayepita nyumba kwa nyumba, kwa mafua na maumivu ya mgongo. Hospitalini uliza jina la dawa. Sema kama una shida ya figo au ya kusikia. Masikio yakianza kulia, au ukisimama ukaona chumba kinayumba, mwambie muuguzi siku hiyo hiyo, usingoje daktari azunguke Jumatatu. Na ukifika nyumbani ukajikuta hivyo, rudi.

Na zile karatasi za kutoka hospitali, tafadhali msifungie sukari wala kuwashia moto. Naomba kila kikundi kiwe na bahasha moja kwa katibu, au kila mtu nyumbani kwake, sawa tu. Mwenye karatasi asiyoielewa aje nayo ofisini Jumanne asubuhi. Nitaisoma pamoja naye, na nisipoelewa tutampelekea yule kijana wa zahanati.